Mwanafunzi na Mpaka

Msomaji, chukua ramani ya Ulaya uitandaze mezani. Weka kidole chako juu ya mji wa Strasbourg, ulioko mashariki kabisa mwa nchi ya Ufaransa, kando ya mto mkubwa uitwao Rhine. Ng'ambo ya mto ni Ujerumani, na mji wa kwanza utakaoukuta huko ni mji mdogo uitwao Kehl. Ukiufuata mto kuelekea kusini, kinyume cha maji yaendako, utafika Basel, mji wa Uswisi, mahali ambapo nchi tatu hukutana.

Sasa tuseme kwamba wewe ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha Strasbourg. Ni Jumamosi asubuhi, masomo ya juma yamekwisha, na wenzako watatu wanakubishia mlango: mmoja ni Mhispania, wa pili Mpolandi, wa tatu Mfaransa mwenyeji. Mnafunga mkate na jibini katika mifuko yenu, mnapanda tramu, na kabla hamjamaliza kubishana juu ya safari mmekwisha kuvuka mto. Tramu hiyo imevuka mpaka tangu mwaka 2017. Kutoka Kehl mnachukua gari la moshi hadi Freiburg, mji wa Kijerumani ulio chini ya milima yenye misitu mizito. Usiku mnalala katika bweni la wasafiri vijana. Jumapili mnafika Basel, mnatazama kanisa kuu la mawe mekundu juu ya mto, na jioni mnarudi Strasbourg. Jumatatu asubuhi mko darasani, macho yamewavimba kwa usingizi.

Katika siku hizo mbili mmekanyaga nchi tatu, mmesikia lugha mbili kubwa na lahaja zake, na mmetumia sarafu za aina mbili. Bila shaka fedha zenu zimepungua, lakini si kwa kiasi cha kuwafilisi. Maelfu ya wanafunzi hufanya hivyo kila mwisho wa juma, wala hawaoni ajabu yo yote. Kwao, kuvuka mpaka ni jambo jepesi kama kuvuka barabara.

Lakini wepesi huo haukuota wenyewe kama uyoga. Mto ule unaovukwa kwa dakika chache ulipata kuwa mmoja wa mito iliyomwagiwa damu nyingi kabisa katika Ulaya. Nia yangu katika insha hii ni kukueleza jinsi mwanafunzi alivyoupata uhuru huo wa kutembea, jinsi alivyounyang'anywa, na jinsi alivyourudishiwa, maana naamini kwamba habari hii yatuhusu hata sisi tulio mbali.

Katika zama za kati Ulaya ilikuwa na vyuo vikuu vichache. Chuo cha Bologna katika Italia huhesabiwa kuwa cha kwanza, na kwa desturi husemwa kwamba kilianza mwaka 1088. Baadaye vikafuata vya Paris, Oxford na vingine. Kijana aliyetaka elimu ya juu hakuwa na budi kusafiri, mara nyingi kwa miguu, kupita katika misitu yenye wanyang'anyi na miji yenye watoza ushuru. Mgeni hakuwa na mtetezi. Katika miji mingine, kama mtu mmoja wa nchi fulani alikuwa na deni na kutoroka, wenye kudai waliweza kumkamata mwenzake ye yote wa nchi ile ile na kumlipisha. Kwa ajili hiyo Kaizari Frederick Barbarossa, katikati ya karne ya 12, alitoa amri ya kuwalinda wanafunzi wasafirio kutafuta elimu: wapite salama, wala wasilipishwe madeni ya watu wengine. Hiyo ni mojawapo ya sheria za kwanza zilizomtambua mwanafunzi kuwa msafiri mwenye haki.

Kulikuwa na jambo moja lililowasaidia sana wanafunzi wa zama hizo, nalo ni lugha. Mwalimu alifundisha kwa Kilatini, awe Bologna au Oxford, na mwanafunzi wa Denmark aliweza kukaa benchi moja na mwanafunzi wa Hispania wakafahamiana. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kuelezwa sana faida ya lugha ya namna hiyo, kwani Kiswahili kimetufanyia kazi iyo hiyo kutoka pwani hadi Kongo.

Mfano bora wa msomi msafiri ni Erasmus, aliyezaliwa Rotterdam katika Uholanzi miaka ya 1460. Alisoma Paris, akapata shahada ya udaktari wa dini Turin mwaka 1506, akafundisha Cambridge, akakaa Leuven, kisha Basel, kisha Freiburg, na mwisho akarudi Basel alikofariki mwaka 1536. Kaburi lake limo katika kanisa lile la mawe mekundu mlilolitazama Jumapili. Basi mlipokwenda Freiburg na Basel mlikuwa mkikanyaga nyayo zake pasipo kujua.

Baada ya zama hizo ukaja wakati wa matajiri. Katika karne ya 17 na ya 18, mabwana wa Uingereza walikuwa na desturi ya kuwatuma wana wao kuizunguka Ulaya wamalizapo masomo. Kijana alivuka bahari kutoka Dover hadi Calais, akakaa Paris ajifunze Kifaransa na adabu za ikulu, akapanda milima ya Alps, akashukia Italia kuona Florence, Roma na Venice. Alifuatana na mwalimu wake na watumishi, na safari yaweza kuchukua mwaka mmoja, miwili au mitatu. Wasichana hawakupelekwa, wala maskini hawakuota ndoto hiyo. Hata hivyo alikuwapo mtu mmoja wa ajabu, Thomas Coryat, mwana wa kasisi wa kijiji, ambaye mwaka 1608 alikwenda hadi Venice na kurudi, na sehemu kubwa ya safari aliienda kwa miguu. Aliporudi alivitungika viatu vyake kanisani kijijini kwake, na mwaka 1611 akatoa kitabu cha safari yake. Katika kitabu hicho aliwaeleza Waingereza habari za uma wa kulia chakula, chombo alichokiona kwa Wataliana. Wengine walimcheka, lakini leo hakuna Mwingereza anayecheka uma. Tembea uone, walisema wahenga.

Kilichomfungulia njia mtu wa kawaida ni gari la moshi. Mwaka 1830 ilifunguliwa reli ya Liverpool na Manchester, na katika muda wa miaka michache njia za chuma zikaenea Ulaya kama utando wa buibui. Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook, fundi seremala aliyekuwa mhubiri wa kuwakataza watu ulevi, aliwachukua watu mia kadhaa kwa gari la moshi kutoka Leicester hadi Loughborough kwa nauli ya shilingi moja, kwenda na kurudi. Mwaka 1855 akaanza kuwapeleka Waingereza Bara la Ulaya. Safari iliyokuwa ya mwaka ikawa ya majuma machache.

Tena yafaa ukumbuke jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kabla ya mwaka 1914 mtu aliweza kupita katika sehemu kubwa ya Ulaya ya Magharibi bila pasipoti. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoleta pasipoti mlangoni pa kila msafiri, kwa sababu kila serikali iliogopa wapelelezi. Watu walidhani kwamba amani ikirudi karatasi hizo zitaondolewa. Hazikuondolewa. Mwaka 1920 wajumbe wa mataifa walikutana Paris wakakubaliana tu juu ya namna pasipoti itakavyokuwa. Hivyo jambo lililowekwa kwa dharura likageuka kuwa desturi, kama ilivyo tabia ya mambo mengi ya serikali.

Sasa nataka nikujulishe mwalimu mmoja, maana mimi pia ni mwalimu na habari yake hunigusa. Jina lake ni Richard Schirrmann, Mjerumani, mwalimu wa shule ya watoto. Aliamini kwamba mtoto hujifunza zaidi akitembea kuliko akifungiwa darasani. Mwaka 1909 alikuwa safarini kwa miguu pamoja na wanafunzi wake walipokutwa na mvua kubwa ya radi. Wakakimbilia shule moja ya kijiji, wakalala juu ya majani makavu. Watoto walilala, lakini mwalimu hakulala. Usiku ule alipata wazo: shule za vijiji hukaa tupu wakati wa likizo, kwa nini zisiwe mahali pa kulala watoto wasafirio? Kutokana na wazo hilo likazaliwa bweni la kwanza la wasafiri vijana, katika ngome ya kale ya mji wa Altena, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Vita vilipokuja Schirrmann alichukuliwa jeshini, akapelekwa kwenye milima ya Vosges, si mbali na mji wetu wa Strasbourg. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1915, kengele za vijiji zilipolia nyuma ya mistari ya vita, askari wa pande mbili waliacha kupigana. Wajerumani wakawapa Wafaransa mkate mweusi na nyama ya nguruwe, nao Wafaransa wakawapa divai na sigara. Baada ya siku chache wakarudia kuuana. Schirrmann alijiuliza: je, ingalikuwaje kama vijana wenye akili wa nchi zote wangalipewa mahali pa kukutana na kujuana kabla hawajapewa bunduki? Baada ya vita alifanya kazi hiyo kwa nguvu zake zote, hata mwaka 1932 vyama vya mabweni vya nchi mbalimbali vikakutana Amsterdam na kuunda umoja wao, naye akawa rais. Lakini Wanazi waliposhika serikali katika Ujerumani walivinyakua vyama vya vijana, naye akalazimishwa kuacha uongozi. Hawakutaka vijana wakutane. Waliwataka wapange mistari.

Tukifika hapa inatupasa kurudi Strasbourg tuone gharama ya mpaka uliofungwa. Mji huo ulikuwa wa Ufaransa hadi mwaka 1871, Ujerumani ilipouchukua kwa vita. Mwaka 1918 ukarudi kwa Ufaransa. Mwaka 1940 Wajerumani wakauchukua tena, na mwezi wa Novemba 1944 ukakombolewa. Basi mtu aliyezaliwa Strasbourg mwaka 1865 na kufa mwaka 1945 alibadilishwa bendera mara nne bila kuhama nyumba yake. Katika miaka ya Wanazi lugha ya Kifaransa ilipigwa marufuku, na tangu mwaka 1942 vijana wa Alsace na jirani yake Moselle, jumla yao wapata 130,000, walitiwa kwa nguvu katika jeshi la Ujerumani wakapigane upande wasiouchagua. Maelfu hawakurudi.

Na chuo kikuu je? Vita vilipoanza mwaka 1939, chuo kikuu cha Strasbourg kilihamishwa kikapelekwa mbali, katika mji wa Clermont-Ferrand, katikati ya Ufaransa. Walimu na wanafunzi walikwenda na vitabu vyao. Lakini hata huko hawakuachwa. Tarehe 25 Novemba 1943 askari wa Kijerumani waliyazunguka majengo ya chuo, wakawakusanya uani kwa bunduki walimu, wanafunzi na wafanyakazi wapata elfu moja na zaidi. Mwalimu mmoja, Paul Collomp, mtaalamu wa maandiko ya kale, alipigwa risasi akafa. Zaidi ya watu mia moja walipelekwa katika kambi za mateso, na wengi wao hawakuonekana tena. Miaka minne kabla ya hapo, tarehe 17 Novemba 1939, Wanazi walikuwa wamevifunga vyuo vikuu vya Wacheki, wakawaua viongozi tisa mjini Prague na kuwapeleka wanafunzi wapata 1,200 kambini. Ndiyo maana tarehe 17 Novemba ni Siku ya Wanafunzi Duniani.

Msomaji, ninakuomba usipite haraka hapa. Wale waliosimamishwa uani walikuwa vijana wa umri wa wanafunzi wetu wa leo. Ungewaambia siku ile kwamba wajukuu wao watavuka Rhine kila Jumamosi kwenda kununua sabuni Kehl, na kwamba hakuna askari atakayewauliza jina, wangaliona kuwa unawafanyia mzaha wa kikatili.

Baada ya vita Ulaya ilikuwa majivu. Wengi walitaka kulipiza kisasi, na haki yao haikuwa haba. Lakini walikuwapo waliowaza kwa njia nyingine. Mmoja wao ni Robert Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa. Alizaliwa Luxembourg mwaka 1886 akiwa raia wa Ujerumani, akasoma Bonn, Munich, Berlin na Strasbourg, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza akawa raia wa Ufaransa. Huyo ni mtu ambaye mpaka ulimpitia moyoni. Tarehe 9 Mei 1950 alitangaza shauri kwamba makaa ya mawe na chuma cha pua cha Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya usimamizi mmoja. Hekima yake ni hii: makaa na chuma ndivyo vitengenezavyo mizinga, na watu wawili wenye tanuru moja hawawezi kufua silaha za kupigana wao kwa wao kwa siri. Mwaka 1951 nchi sita zikatia sahihi mkataba.

Wanafunzi hawakungoja wazee wamalize maneno. Tarehe 6 Agosti 1950, wanafunzi wapata mia tatu kutoka nchi kadhaa za Ulaya walikutana kwenye mpaka wa Ufaransa na Ujerumani karibu na mji wa Wissembourg, kaskazini ya Strasbourg. Wengine walitoka upande huu, wengine upande ule. Wakavunja vizuizi vya mpakani, wakavichoma moto, wakapandisha bendera ya Ulaya iliyoungana. Serikali hazikuufuta mpaka siku ile. Vizuizi vingine viliwekwa. Lakini tendo lile lilionyesha kwamba kizazi kilichokwisha kuzika wenziwe hakikuwa tayari tena kuuheshimu ubao uliopakwa rangi kama kwamba ni ukuta wa Mungu.

Miaka iliyofuata ilikwenda haba na haba. Mwaka 1963 Ufaransa na Ujerumani zilifanya mkataba wa urafiki, na katika mwaka uo huo zikaanzisha ofisi ya pamoja ya kubadilishana vijana. Mwaka 1972 kampuni za reli za Ulaya zilitoa tikiti moja iliyoitwa Interrail, ambayo kijana asiyezidi miaka 21 aliweza kusafiri nayo mwezi mzima katika nchi 21. Ilikusudiwa kuwa ya mwaka mmoja tu, kuadhimisha miaka 50 ya umoja wa mashirika ya reli, lakini vijana waliipenda hata haikuwezekana kuiondoa.

Kulikuwa bado na kizuizi kimoja ambacho hakikuwa cha chuma wala cha ubao, nacho ni cheti. Sofia Corradi, msichana wa Kitaliana, alipata msaada wa masomo akaenda Marekani, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka 1958 akarudi kwao na shahada. Alipoomba masomo hayo yahesabiwe katika chuo kikuu chake, wakubwa walikataa, na walimfanya aonekane kama mtu aliyekwenda kutembea tu. Aibu ile hakuisahau. Kwa muda wa miaka mingi aliandika, akasihi, akabisha milango, ili mwanafunzi aendaye nchi nyingine masomo yake yakubaliwe nyumbani. Mwaka 1987 mpango huo ukakubaliwa na nchi za Ulaya, ukapewa jina la Erasmus, yule yule wa Rotterdam. Katika mwaka wa kwanza wanafunzi 3,244 walisafiri baina ya nchi 11. Tangu hapo zaidi ya watu milioni kumi wameshiriki katika mpango huo na mipango iliyotokana nao.

Mipaka yenyewe nayo ikalegea. Mwaka 1984 madereva wa malori, waliochoshwa na kungoja forodhani, walizifunga barabara kuu za Ufaransa, na serikali zikaona kwamba mpaka umekuwa mzigo. Tarehe 14 Juni 1985 wajumbe wa nchi tano walitia sahihi mkataba wa kuondoa ukaguzi, ndani ya meli iliyotia nanga katika mto Moselle, karibu na kijiji cha Schengen katika Luxembourg. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa Luxembourg, Ufaransa na Ujerumani hukutana papo. Mkataba ulianza kutumika tarehe 26 Machi 1995, na kufikia mwaka 2025 nchi 29 zilikuwa zimeingia. Ukiongeza sarafu ya euro, ambayo noti zake zilianza kutumika mwaka 2002, na ndege za nauli ndogo zilizoongezeka baada ya sheria za usafiri wa anga kulegezwa katika miaka ya 1990, utaona jinsi ile Jumamosi yenu ya Freiburg na Basel ilivyotengenezwa kipande kwa kipande, kama fundi aungavyo jahazi ubao kwa ubao.

Hata hivyo si uungwana kukusifia nyumba nisikuonyeshe mlango wake. Ulaya ilipoondoa malango ya ndani iliyaimarisha yale ya nje. Kijana wa Kenya atakaye kwenda Strasbourg hana budi kuomba viza, kuonyesha barua ya chuo, fedha za matumizi na mahali pa kulala, na kungoja. Akishapata kibali cha kukaa katika nchi mojawapo ya mkataba, naye huweza kuzitembelea nyingine kwa muda wa hadi siku 90 katika kila siku 180. Basi na yeye atavuka Rhine Jumamosi pamoja na wenzake. Lakini wenzake walizaliwa na ufunguo, naye ameuazima. Na wako maelfu waliojaribu kuingia pasipo ufunguo wo wote, kwa mashua mbovu, wakafa katika bahari ya Mediterania.

Wala si jambo jipya kwa watu wetu kuiona Ulaya kwa kualikwa na wengine. Katika miaka ya 1890 Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Kiswahili Berlin, akaandika aliyoyaona. Selim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, na habari za safari yake zilipigwa chapa kwa Kiswahili katika kitabu cha mwaka 1901. Macho yao yalikuwa makali na kalamu zao hodari, lakini safari haikuwa yao ya kuchagua.

Tena, mpaka uliofunguka waweza kufungwa. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, daraja la Strasbourg na Kehl lilifungwa kwa wapitaji wa kawaida hadi Juni. Watu waliokuwa wakiishi kama mtaa mmoja wakatengwa kwa vizuizi. Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na tangu mwaka 2021 haikuendelea na mpango wa Erasmus. Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu. Uhuru wa kupita ni kama bustani: usipopaliliwa, magugu hurudi.

Sisi tunalijua hilo. Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Katika miaka ya kwanza kijana wa Kisumu aliyetaka kusoma sheria alikwenda Dar es Salaam, na aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Mganda na Mtanzania waliotaka uhandisi walikuja Nairobi. Walikula meza moja, wakajifunza utani wa kwao na kwetu. Angalia tarehe, msomaji: miaka 24 kabla ya mpango wa Erasmus, sisi tulikuwa na wetu. Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanywa kikawa vitatu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Jamaa wa Taveta na wa Holili, waliozoea kwenda sokoni pamoja, wakawa watu wa nchi mbili kwa maana chungu ya neno hilo. Jumuiya ilianza kufufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubali raia wao wapite kwa kitambulisho tu.

Basi ukipata nafasi ya kusoma ugenini, tembea. Usione haya kutumia Jumamosi yako nje ya maktaba, madhali umemaliza kazi ya juma. Chagua wenzi wasiotoka kwenu, uliza majina ya vitu, kula wanachokula. Lakini ufikapo katikati ya daraja, mahali ambapo zamani palisimama askari, nyamaza kidogo uwakumbuke wale wa uani Clermont-Ferrand, na mwalimu yule aliyekesha wakati wa mvua, na msichana yule aliyenyimwa cheti chake. Na kama hukupata nafasi ya kwenda mbali, Namanga na Busia si mbali. Huko nako kuna vijana wa umri wako, upande wa pili wa mstari, ambao hujapata kuwauliza hali.

Schirrmann aliuliza swali lake katika mlima wa vita. Wewe unaliuliza lako katika amani, na hiyo ni bahati ambayo yeye hakuwa nayo.